Kupima protoni za utando uliopandikizwa: usisuuze kwa maji ya kisima

Hapa Malindi, aliyewahi kupandikiza ngowe kwenye mche wa embe la kienyeji ameshaujua nusu utando huu wa kupitisha protoni (ioni za haidrojeni). Shina ni plastiki ya florini, kama ETFE, ngumu na isiyopenda maji. Kikonyo ni minyororo ya polistireni inayooteshwa baada ya plastiki kupigwa miali ya gama au ya elektroni. Kisha pete za stireni hubebeshwa kundi la salfoniki, ambalo huachia protoni likipata maji. Hayo usiyajaribu nyumbani: asidi ya klorosalfoniki, inayotumika kubebesha kundi hilo, huchachamaa vibaya ikiguswa na maji. Mimi huletewa utando tayari, nami hupima umebeba kiasi gani.

Hatua ya 1. Loweka kipande usiku kucha katika asidi ya haidrokloriki ya moli 1 kwa lita. Suuza kwa maji yale ya kuongezea betri (si asidi yake, soma kibandiko!) mpaka litmasi ya buluu isigeuke.

Hapa niliwahi kupoteza wiki nzima. Nilisuuza kwa maji ya kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Sodiamu na kalsiamu zikakalia viti vya protoni kabla sijapima, namba ikaporomoka, nami nikaulaumu utando.

Hatua ya 2. Kausha kwa nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike, upime upesi. Kwa unyevu wa hewa yetu, utando hunywa maji juu ya mizani huku unatazama.

Hatua ya 3. Utie katika mililita 50 za kloridi ya sodiamu ya maabara, moli 1 kwa lita, kwa saa 24. Ni hila ileile ya kisima, safari hii kwa makusudi: sodiamu inaingia, protoni zinatoka.

Hatua ya 4. Tia matone ya fenolfthaleini, kisha dondosha haidroksidi ya sodiamu ya moli 0.01 kwa lita mpaka waridi hafifu ibaki.

Hatua ya 5. Tuseme utando mkavu ni gramu 0.100, na umetumia mililita 18. Hiyo ni milimoli 0.18, yaani 1.8 kwa gramu. Nafion ya kawaida, utando wa protoni unaouzwa tayari, wa gramu 1100 kwa kila moli ya kundi la salfoniki, ina kama 0.91. Iwapo stireni iliongezwa asilimia 30 ya uzito wa plastiki na kila pete ikapata kundi moja, hesabu hutoa 1.88. Kwa hiyo karibu pete zote zimebeba.

Namba ikiwa ndogo na utando hauvimbi majini, shuku katikati. Upandikizaji huanzia nyuso mbili na kuingia ndani. Ukikatizwa mapema, kati hubaki plastiki tupu, na protoni hazivuki. Utando huo rudisha.