Dar hadi Dubai: piga hesabu ya muda wa angani kabla hujalipia tiketi

Nakata tiketi Kariakoo, na wateja wangu wengi wanafuata mzigo Dubai. Kabla hata ya bei utasikia, "Kaka, hapo angani ni muda gani?" Siku hizi nampa mteja kalamu apige mwenyewe.

Anza na umbali, na kilomita za barabara zisahau. Ndege hufuata njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, na kila nyuzi 1 ya mviringo huo ni kama kilomita 111. Kwa safari za huku kwetu karibu na ikweta, hesabu ni ya darasani tu. Uwanja wa Dar uko nyuzi 6.9 kusini na 39.2 mashariki, wa Nairobi, 1.3 kusini na 36.9 mashariki. Tofauti ni 5.6 na 2.3. Tumia ile kanuni ya Pythagoras (zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeo cha pili), unapata nyuzi 6 na ushei, yaani kama kilomita 670. Ukienda mbali kama Dubai kanuni hiyo inaanza kupinda, kwa hiyo chukua rula ya Google Earth, au tufe na uzi wa cherehani. Utapata kilomita 3,970 hivi.

Sasa muda. Kwa ndege ya jeti gawanya kilomita kwa 830, yaani mwendo wake kwa saa, kisha ongeza nusu saa ya kutambaa kwenye lami, kupanda na kushuka. Dubai inakuja saa 5 na robo. Ratiba huandika zaidi kidogo, kwa kuwa mashirika hujiachia nafasi. Nairobi ni saa 1 na dakika 18. Ndege ya pangaboi, ile yenye mapanga yanayozunguka nje, gawanya kwa 600. Upepo nao una neno lake: London hadi New York huchukua karibu saa nzima zaidi ya kurudi, ila kwa safari yetu ya kaskazini na kusini usiumize kichwa.

Tiketi huandika saa za kila mji kwa saa za huko huko, na Dubai iko mbele yetu kwa saa 1. Tuseme imeandikwa kuondoka 16:45, kufika 23:15. Ukitoa unaona saa 6 na nusu. Punguza ile 1, zinabaki 5 na nusu. Wakati wa kurudi unaongeza badala ya kupunguza.

Lakini kinachowaliza watu hasa ni tarehe. Tiketi ikisema tarehe 14, 00:40, hiyo ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 14. Mtu anashinda dukani tarehe 14, jioni anaaga familia, anafika uwanjani ndege ishalala Dubai na kuamka. Mimi huandika kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi: "Toka nyumbani tarehe 13 jioni, saa tatu na nusu usiku uwe uwanjani." Na namwambia amsomee mkewe kwa sauti, maana yeye ndiye atakayemkumbusha.

Kama unaunganisha Addis Ababa au Nairobi, hesabu kila kipande peke yake, halafu jumlisha na muda wa kusubiri. Chini ya saa moja na nusu katikati, mimi sikuuzii.