Mstari na Rangi Chache katika Kuchora Sura

Katika mchoro wa sura wa mstari na rangi chache, kazi kubwa hufanywa na mstari, na rangi huingia pale tu inapohitajika. Tuseme unamchora bibi aliyejifunga kilemba cha kitenge, huko Mbeya, asubuhi ya Julai ambapo baridi imewafungia watu ndani. Mwombe ruhusa, kisha umketishe karibu na dirisha ili mwanga umpate kwa upande mmoja.

Anza na penseli ya HB, yaani isiyo ngumu sana wala laini sana, ukiigusa karatasi kidogo tu. Macho hukaa takribani katikati ya urefu wa kichwa, kutoka utosini hadi kidevuni. Wengi wanaoanza huyapandisha mno, na paji la uso likapotea. Vipimo vikikaa sawa, chukua kalamu ya wino uchore polepole, ukimtazama bibi zaidi kuliko karatasi.

Mstari usiwe na unene mmoja. Uwe mzito chini ya kidevu, kwenye ukope wa juu na pale midomo inapokutana, kwa sababu hapo ndipo kivuli kinapolala. Uwe mwepesi kwenye paji la uso, na kwenye shavu linalopokea mwanga uukatize kabisa, kwani jicho la mtazamaji litaunganisha lenyewe. Makunyanzi mawili matatu pembeni mwa jicho yanatosha. Ukiyachora yote utamzeesha kuliko alivyo.

Mchoraji Egon Schiele wa Austria, aliyefariki mwaka 1918, mara nyingi aligusisha wekundu mashavuni na kwenye vifundo vya vidole, akaiacha karatasi wazi nyuma ya mtu wake. Wapo wanaodhani kwamba ngozi nyeusi lazima ipakwe kahawia uso mzima. Mimi sikubali: rangi ya maji ya kahawia, yenye wekundu kidogo na maji mengi, ikiwekwa chini ya shavu, ubavuni mwa pua na sikioni, huupa uso wote uhai. Kwenye kilemba chagua rangi moja, tuseme buluu, upake mikunjo iliyo karibu na uso tu, na maua ya kitenge uyaache.

Tumia karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na ujaribu wino wako pembeni kwanza, maana usiostahimili maji utachuruzika. Kwenye baridi rangi ya maji hukawia kukauka. Kabla ya kuongeza tabaka la pili, gusa kwa mgongo wa kidole mahali ulipopaka, kisha uguse kona isiyopakwa, na pakiwa baridi kuliko kona, bado hapajakauka, subiri.