Ngiri, usaha na meshi: hatua ninazofuata jeraha likiwa chafu

Simu za aina hii huja usiku. "Shikamoo dokta. Nina mvuvi hapa, ngiri ya kovu imebana tangu juzi. Nimefungua nikakuta kipande cha utumbo kimeoza, nimekata, nimeunga. Meshi ipo mezani, ndugu wameshainunua. Niweke?"

Mtego uko hapo kwenye "ndugu wameshainunua". Familia imechangishana, imemtuma mtu mjini Mwanza, amerudi na pakiti moja ya meshi, yaani wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo. Nani ana uso wa kuwarudishia haijafunguliwa? Mimi humjibu kijana vilevile kila mara: usiifungue kwanza, pakiti haiozi. Niambie jeraha lina uchafu kiasi gani.

Nawaandikia madaktari na matabibu wa hospitali za wilaya za ukanda wa ziwa, mnaofungua matumbo bila bingwa jirani. Ngiri za kovu, zile zinazochomoza penye mshono wa zamani, tunazo nyingi, na chanzo kimojawapo tunakijua wote: taifodi inatoboa utumbo, tumbo linafunguliwa likiwa limejaa kinyesi, mshono unaota usaha, misuli inaachana. Baada ya muda mgonjwa anarudi na tumbo limetuna katikati kama papai.

Hatua ya 1: Taja daraja la uchafu kwa sauti

Kabla ya kugusa meshi, simama, mwambie muuguzi aandike daraja. Yapo manne. La 1 ni safi: ngiri imebana lakini utumbo ni mzima, ukiumwagia maji ya vuguvugu unarudisha rangi. La 2: umekata utumbo lakini hakuna kilichomwagika. La 3: kinyesi kimemwagika ukiwa kazini. La 4: umekuta usaha, jipu, au utumbo uliokwisha kutoboka kabla hujafika.

Nasisitiza kwa sauti kwa sababu kimoyomoyo kila mtu hujipunguzia daraja. Nimewahi kuambiwa "safi tu dokta" kwenye simu, kumbe sakafuni kuna gozi saba za kijani.

Hatua ya 2: Mwokoe mgonjwa

Dripu, mpira wa puani, mpira wa mkojo, antibayotiki ndani ya saa moja kabla ya kisu. Seftriaksoni na metronidazoli ndizo zilizopo kabati nyingi, zinatosha kuanzia. Presha ikigoma kupanda, kata kilichooza, osha, funga kinachofungika, toka. Usiku huo hakuna kutengeneza ukuta wa tumbo.

Jambo la kando, la kwetu huku. Mgonjwa wa visiwani mwenye ngiri ya kitovu, gonga tumbo usikilize kama kuna maji. Kichocho cha tumbo kinakakamaza ini, maji yanajaa, kitovu kinachomoza. Ukiweka meshi chini ya ngozi inayovuja maji hayo umeipeleka moja kwa moja kwenye maambukizi. Shughulika na maji kwanza.

Hatua ya 3: Kama hakuna dharura, subiri

Ngiri ya kovu yenye kidonda kinachotoa usaha lakini utumbo unapitisha vizuri si kazi ya wiki hii. Toa nyuzi za zamani zinazochungulia (nailoni na hariri ndizo hukaa na usaha miaka), safisha, vaa subira. Baada ya tumbo lililowahi kujaa usaha, mimi nangoja angalau miezi 6 tangu jeraha likauke kabisa.

Kipimo changu ni vidole viwili. Ishike ngozi iliyo juu ya ngiri kwa gumba na shahada, uinue taratibu. Ikinyanyuka peke yake, laini, ikateleza juu ya utumbo kama kanga juu ya meza, utumbo umeshaachia. Ikija na kitu kizito chini yake, au mgonjwa akakunja uso, bado. Ukiingia sasa utatoboa utumbo wakati wa kuubandua, na ngiri uliyokusudia kuifanya daraja la 1 itageuka la 3 mikononi mwako.

Muda huo wa kusubiri usipite bure. Sigara iachwe, sukari ishuke, uzito upungue.

Hatua ya 4: Osha, kisha badilisha kila kitu

Baada ya kuunga utumbo, osha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu hadi yarudi meupe. Halafu glovu mpya, vitambaa vipya, vyombo vya kufungia kutoka meza ya pili ambayo haikuguswa. Kama seti ni moja tu, panga mapema: tenga koleo mbili, kishika sindano na mkasi chini ya kitambaa tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Amua

Hapa ndipo watu hugombana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Daraja la 1, weka meshi. La 2, ukiwa umekata utumbo bila kumwaga kitu na mgonjwa ametulia, meshi ya polipropilini (plastiki isiyoyeyuka) inaruhusiwa na miongozo ya kimataifa ya ngiri za dharura, na mimi nakubali ikiwa mwenye kisu anaweza kuipeleka nyuma ya misuli. Kama hawezi, ashone tu. La 3 na la 4 usiku wa dharura: tundu la ukuta wa tumbo lisilofika sentimita 3 lishone kwa uzi. Tundu kubwa, jaribu kulileta pamoja bila kulivuta kwa nguvu. Likikataa, weka meshi inayoyeyuka ya poliglaktini kama ipo, au acha tumbo wazi chini ya mfuko wa dripu uliokatwa na kushonewa ukingoni, umpe rufaa. Meshi inayoyeyuka huisha ndani ya miezi michache na ngiri itarudi. Mwambie mgonjwa hivyo kabla hajaiona mwenyewe.

Kwa nini nakubali ngiri irudi? Kushona bila meshi ni dhaifu, hilo silifichi. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2000 uliwafuatilia wenye ngiri za kovu miaka 3: walioshonwa tu, ngiri ilirudi kwa asilimia 43, waliowekewa meshi, 24. Lakini ngiri iliyorudi naipanga upya mchana, tumbo likiwa kavu. Meshi iliyooza ndani ya tumbo inakula ngozi, inashika utumbo, na siku ya kuitoa inaondoka na ukuta uliobaki.

Wapo watakaosema dawa ni meshi za ngozi ya mnyama, zile za kibayolojia. Zilisifiwa sana kwa majeraha machafu. Mwaka 2022 ukatoka utafiti wa Marekani wa wagonjwa 253 wa daraja la 2 na la 3, operesheni za kupangwa, meshi nyuma ya misuli. Baada ya miaka 2 ngiri ilirudi kwa asilimia 20.5 ya waliopata ya kibayolojia na 5.6 ya waliopata polipropilini, na usalama haukutofautiana. Bei ya kati ya ile ya kwanza ilikuwa dola 21,539. Ya pili, dola 105. Kwa hiyo tusijione maskini kwa kukosa ya mnyama. Ila soma vizuri: ile ilikuwa kazi ya kupangwa, mikononi mwa mabingwa wa ngiri. Isikupe ujasiri wa saa nane usiku na kinyesi mezani.

Tena, wengine wamesikia habari ya neti ya mbu. Ni kweli, Uganda walijaribu wavu wa bei nafuu wa aina ile kwa wanaume 302, matokeo yakachapishwa 2016, na ulikaribiana sana na meshi ya dukani. Zile zilikuwa ngiri za kinena, safi, na wavu usio na dawa ya mbu, uliotakaswa vijidudu kwa utaratibu maalumu. Usiuhamishie kwenye usaha.

Hatua ya 6: Chagua wavu kama mvuvi

Wagonjwa wangu wavuvi wa Kirumba huelewa hili haraka kuliko wanafunzi. Wavu una macho na una uzi. Bakteria ana upana wa kama maikromita 1. Seli nyeupe inayomla ni kubwa mara kumi au zaidi. Macho yakiwa madogo kupita kiasi, bakteria anaingia kujificha na askari anabaki nje. Uzi uliosokotwa una vijia hivyohivyo katikati ya nyuzi zake. Kwa hiyo: macho makubwa, ya milimita moja kwenda juu, na uzi mmoja usiosokotwa. Ziwani uzi wa namna hiyo ni timba, ukikamatwa nao unachomewa moto. Tumboni ndio tunaoutaka.

Hatua ya 7: Mahali pa kuiweka

Nyuma ya misuli mirefu ya tumbo, mbele ya ala ya nyuma (ala ni utando mgumu unaoifunika misuli hiyo). Chana ala ukingoni mwa msuli, bandua kwa kidole na gozi hadi uione mishipa ya fahamu inayoingia kwa ubavuni, simama hapo, usiikate. Shona ala ya nyuma yote. Tundu dogo ukiliacha, utumbo utagusa meshi. Tandaza meshi ivuke ukingo wa tundu kwa sentimita 5 kila upande, bila mikunjo, weka dreni juu yake, kisha funga misuli mbele. Chini ya ngozi chafu, juu ya misuli, usiiweke. Huko ndiko usaha unakoanzia.

Hatua ya 8: Mshono

Iwe na meshi au bila, uzi wa kuyeyuka polepole, mishono midogo: milimita 5 kutoka ukingoni, milimita 5 kati ya mmoja na mwingine, ushike ala tu bila mafuta wala nyama. Kwenye operesheni za kupangwa, Waholanzi walionyesha mwaka 2015 kwamba mishono hii midogo ilishusha ngiri za kovu baada ya mwaka kutoka asilimia 21 hadi 13. Uzi utumike mara nne ya urefu wa jeraha. Jeraha la sentimita 20 linataka sentimita 80 za uzi. Pima uliobaki kwa rula, toa kwenye ulioanza nao. Ukiona umetumia 50, umeruka.

Hatua ya 9: Ngozi

Daraja la 3 na la 4, iache wazi, jaza gozi yenye unyevu, badilisha kila siku. Siku ya 4 au ya 5, ikiwa nyekundu na safi, ishone wodini. Basi.

Hatua ya 10: Meshi ikishaota usaha

Ita hali kwa jina lake, usimpe vidonge vya wiki tatu ukimtumaini Mungu. Fungua, kamua, osha, chukua usaha upelekwe maabara. Kisha itazame meshi yenyewe. Polipropilini ya macho makubwa yenye nyama nyekundu inayochomoza kwenye macho yake, kama majani yanavyopenya kwenye wavu ulioachwa ufukweni, mara nyingi inaokoka kwa kusafishwa na muda. Inayoelea kwenye usaha, isiyoshika, ikate uitoe. Ile laini nyeupe inayofanana na karatasi, haina macho ya kuonekana, itoe yote siku hiyohiyo.

Hatua ya 11: Karatasi

Yule mvuvi wa simu alishonwa tu. Baada ya miezi minane alikuja mjini, tukaweka meshi yake ileile, pakiti ya ndugu zake, nyuma ya misuli, tumbo likiwa kavu. Nilipomwambia miezi 3 asivute nyavu, alicheka: "Sasa dokta, zitavutwa na wewe?" Tukakubaliana atakaa kwenye usukani, mwanawe avute.

Kila meshi huja na stika ya aina, ukubwa na namba. Moja ibandike kwenye faili, nyingine mpe mgonjwa, pembeni uandike kwa mkono imewekwa wapi na tarehe gani, maana huyu kesho anaweza kuwa Nansio, keshokutwa Musoma, na faili lako haliendi naye. Mvuvi yule ya kwake ameitia kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na leseni ya uvuvi.