Kugeuza milimita kuwa futi na inchi kabla ya kukata mbao

Ramani ya nyumba inakuja kwa milimita. Ukienda kununua mbao, muuzaji anakuuliza kwa inchi na futi: mbili kwa nne au mbili kwa sita (inchi za unene na upana), futi ngapi? Sisi maseremala tuko katikati ya vipimo hivyo viwili, na mbao nyingi huharibika hapo hapo. Tuchukue mwimo wa mlango wa milimita 2100.

Hatua ya 1: Weka kipimo kwa milimita. Kikiwa sentimita, zidisha kwa 10. Kikiwa mita, kwa 1000.

Hatua ya 2: Gawa kwa 25.4. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, kama Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa zilivyokubaliana mwaka 1959. Wapo wanaogawa kwa 25 ili hesabu iwe nyepesi. Usifanye hivyo: utapata inchi 84, wakati jibu la kweli ni 82.677.

Hatua ya 3: Toa futi. Futi moja ni inchi 12. Katika 82 zimo futi 6, zinabaki inchi 10. Ile 0.677 iache kwanza.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Fundi anagawa 2100 kwa 304.8, yaani milimita za futi moja, kalkuleta ya simu inampa 6.89, naye anasoma "futi sita, inchi tisa". Hiyo .89 ni sehemu ya futi, si inchi. Izidishe kwa 12 utaona ni inchi 10 na ushei. Futi 6 na inchi 9 ni milimita 2057 tu, mwimo umepungua zaidi ya sentimita 4. Nilipokuwa najifunza kazi nilikata miimo miwili ya mninga namna hiyo, mbao za mteja, na mbao iliyokwisha kukatwa fupi hairefuki. Tangu siku hiyo naanzia kwenye inchi, kisha ndiyo natafuta futi.

Hatua ya 4: Geuza desimali kuwa alama za tepu. Kwenye tepu nyingi, kila inchi ina sehemu 16. Basi 0.677 × 16 ni 10.8, chukua 11. Jibu ni futi 6, inchi 10 na 11/16. Ukipata 8/16, hiyo ni nusu inchi. 4/16 ni robo. 12/16 ni robo tatu.

Hatua ya 5: Rudisha hesabu. 82.6875 × 25.4 ni 2100.26. Tofauti ni kama robo ya milimita, msumeno wenyewe unakula zaidi ya hapo. Kisha vuta tepu uangalie pande zote mbili, ya inchi na ya sentimita, kabla ya kupiga mstari.

Kwa mwimo huu nunua mbao ya futi 7, ambayo ni milimita 2133.6, upate nafasi ya kupunguza ncha zilizopasuka. Na hiyo "mbili kwa nne" ni kipimo cha mbao kabla ya randa. Ukishaipiga randa, pima tena unene na upana wake ndipo uchore viungo.