Jinsi ya Kununua Pikipiki ya Spoti Iliyotumika Yenye Hitilafu ya Giaboksi

Mjini Dodoma pikipiki kubwa za spoti si nyingi, na nyingi kati ya hizo chache zimekwishapita mikononi mwa watu kadhaa. Ndiyo maana inapotokea Yamaha R6 au Suzuki GSX-R inauzwa kwa nusu ya bei yake, huku muuzaji akisema kwamba gia ya pili inaruka kidogo na fundi akiigusa itapona, mnunuzi mwenye hamu hushawishika upesi. Ununuzi wa namna hiyo unaweza kuwa na faida ya kweli, kwa sharti kwamba ujue, kabla ya kutoa fedha, kama ubovu uko nje ya injini au ndani yake. Ubovu wa nje humalizwa kwa spana chache na vipuri vidogo, ilhali ule wa ndani kwa kawaida hudai injini ishushwe kwenye fremu na kupasuliwa.

Giaboksi ya pikipiki hizi imo ndani ya injini yenyewe na hutumia oili ileile inayolainisha pistoni. Gia zake zote hushikana muda wote. Kinachobadilika unapokanyaga pedeli ni gia ipi imefungwa kwenye shafti. Kazi hiyo hufanywa na meno mafupi, manene, yaliyo ubavuni mwa gia, ambayo huingia kwenye matundu ya gia jirani yakisukumwa na uma za chuma, nazo uma huongozwa na ngoma yenye mifereji. Gia ya pili huumia kabla ya nyingine kwa sababu ukitoka ya kwanza lazima upite nyutro (mahali pasipo na gia), na dereva akikanyaga kwa woga au akilazimisha bila klachi, meno hayaingii yote. Kila mara yanapogongana nusunusu pembe zake husagika, hadi siku ambayo nguvu ya injini inatosha kuyasukuma nje. Hapo mzigo huhamia kwenye uma, ambayo hupata moto na kupinda, na tangu hapo uharibifu huenda kwa kasi.

Anza ukaguzi na pikipiki ikiwa baridi na imezimwa. Shika pedeli ya gia uitikise: ikiwa imelegea kwenye shafti yake, au imepinda kwa sababu pikipiki iliwahi kuanguka upande huo, huenda haisukumi gia hadi mwisho. Tazama klachi pia. Kwa pikipiki nyingi za kebo, ncha ya mkono wa klachi inatakiwa icheze takriban milimita 10 hadi 20 kabla ya kukaza, na ikicheza zaidi ya hapo klachi haiachii vizuri, kwa hiyo gia huingia kwa kishindo. Kisha kagua cheni na sproketi ya mbele, yaani gurudumu dogo lenye meno linalovuta cheni, kwa kuwa cheni iliyochoka ikiruka jino hutoa mlio na mtikisiko ambao watu wengi huudhania kuwa ni gia. Pedeli isiyorudi yenyewe baada ya kukanyagwa huashiria springi ya shafti ya kubadilishia gia, ambayo kwa injini nyingi hufikiwa kwa pembeni bila kupasua injini. Ukibaini kwamba tatizo ni mojawapo ya haya, umepata pikipiki nzuri kwa bei ya mbovu.

Uliza pia ni oili gani iliyomo. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano huteleza kwenye klachi inayoogelea ndani ya oili, na mwenye pikipiki huanza kulalamika kwamba gia hazishiki. Kopo la oili inayofaa huwa na alama ya JASO MA au MA2.

Baada ya hapo omba ruhusa ya kuiendesha, ukiwa na kofia ngumu na leseni inayohusika, kwenye barabara tulivu isiyo na watoto wala bodaboda. Usiende nayo barabara ya Iringa wala ya Singida. Pikipiki inayotema gia, likitokea hilo wakati unalipita lori, inakuacha bila nguvu mahali pabaya kabisa, na giaboksi iliyovunjika inaweza kulifunga gurudumu la nyuma ghafla. Ingia gia ya pili, ongeza mafuta kwa nguvu kiasi, achia, kisha ongeza tena. Mlio wa injini ukipanda polepole bila kasi kuongezeka na pedeli ikabaki ilipo, klachi inateleza, na seti ya pleti za klachi hubadilishwa bila kupasua injini. Lakini ukisikia "ta!" chini ya mguu, pedeli ikausukuma mguu na injini ikapiga kelele kama iko nyutro, hayo ni meno yaliyosagika. Rudia jaribio hilo kwa gia zote, kwa sababu muuzaji hutaja moja ilhali mbovu huwa mbili.

Ushahidi mwingine uko kwenye oili. Mshawishi muuzaji akuruhusu kuimwaga kwa gharama yako, uichuje kwa kitambaa cheupe juani. Uji mwembamba wa kijivu kwenye bolti ya kumwagia oili, kama ina sumaku, ni wa kawaida. Chembe zenye kona na makali, zinazokwaruza ukizisugua kati ya vidole, ni vipande vya gia. Oili ikiwa mpya kabisa kwenye pikipiki ambayo imekaa mwaka mzima bila kutembea, uliza kwa nini ilibadilishwa. Usisahau kufungua kichujio cha hewa: vumbi la kwetu hupenya mahali padogo sana, na likiwa limepita kichujio, silinda nazo huenda zimekwisha, jambo ambalo giaboksi mpya haitaliponya.

Bei ipangwe kwa kudhani ubovu mkubwa zaidi. Tuseme pikipiki nzima ya aina hiyo huuzwa shilingi milioni 9. Ondoa milioni 1.4 za gia na uma, laki 5 za gasketi, sili, beringi na oili, laki 6 za fundi, laki 3 za usafirishaji na uhamisho wa umiliki, kisha milioni 1 ya akiba kwa yatakayoonekana injini ikishafunguliwa. Inabaki milioni 5.2, na juu ya hapo unanunua hasara. Tarakimu ni za mfano, weka za kwako, lakini ile akiba usiifute hata muuzaji akikubembeleza vipi.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya fremu, iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini, zote mbili dhidi ya kadi ya usajili. Pikipiki isiyo na kadi, au ambayo haijalipiwa ushuru, iache hata kama ni ya bure. Andikeni mkataba mbele ya wakili, utaje hitilafu iliyopo, kisha mkamilishe uhamisho wa umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato). Na deni la faini za barabarani likaguliwe kwenye mfumo wa polisi muuzaji akiwa bado mbele yako.

Mafundi wetu wa Makole na Majengo wanaijua Boxer kama kiganja cha mkono, nami nawaheshimu kwa hilo, ila muulize fundi wako kama amewahi kupasua injini ya silinda nne na kama anacho kitabu cha matengenezo cha toleo hilo. Injini nyingi za aina hiyo hupasuliwa kwa ulalo, kwa hiyo zikigeuzwa juu chini giaboksi hutolewa bila kugusa pistoni. Akiwa anavua gia, apitishe kila kipande na kila washa (pete bapa ya chuma) kwenye waya mmoja kwa mfuatano uleule, kwa sababu washa moja ikikosea nafasi kazi yote itarudiwa. Gia yenye meno yaliyosagika pembe ibadilishwe pamoja na ile inayoshikana nayo, na uma yake vilevile. Ncha ya uma ikiwa na rangi ya bluu imeungua, na unene wake upimwe kwa venia (kifaa cha kupimia unene) dhidi ya kipimo cha kitabuni. Vipuri agiza kwa namba ya kiwandani, si kwa maelezo ya mdomo, iwe unanunua Kariakoo na kutumiwa kwa basi au unaagiza kutoka Japani.

Ikishafungwa, iendeshe kwa upole kilomita mia chache za mwanzo, ukikanyaga pedeli hadi mwisho kila unapobadilisha gia, halafu mwaga oili mapema na ukate kichujio chake utazame karatasi ya ndani. Ukikuta tena chembe zenye makali, usiiwashe. Ipakie kwenye gari umrudishie fundi.