Jinsi ya kumfundisha mwanafunzi wa udaktari kuchunguza sikio

Mwanafunzi hupita idara ya masikio, pua na koo kwa wiki chache tu, kisha anakwenda kufanya kazi mahali ambapo mara nyingi bingwa wa masikio hayupo. Ukikabidhiwa kundi, usihangaike kuwamalizia kitabu. Hakikisha wanaondoka wakijua kutazama sikio na kueleza walichokiona. Mimi hufundisha hivi.

Hatua ya 1: Kagua otoskopu
Hiki ni chombo chenye taa cha kutazamia ndani ya sikio. Betri yake ikichoka, mwanga huwa wa manjano na ngoma ya sikio iliyo nzima huonekana kama ina ugonjwa. Andaa spekula safi, yaani vifuniko vya mbele vinavyoingia sikioni, za ukubwa tofauti.

Hatua ya 2: Fundisha mkono kabla ya jicho
Wachunguzane wao kwa wao. Sikio la kulia kwa mkono wa kulia, la kushoto kwa mkono wa kushoto. Otoskopu ishikwe kama kalamu, kidole cha mwisho kikiegemea shavu la anayechunguzwa, ili akigeuka ghafla chombo kifuate kichwa badala ya kumchoma. Mtu mzima avutwe sikio juu na nyuma. Mtoto mdogo, chini na nyuma. Spekula iwe kubwa kuliko zote zinazoingia bila kuumiza.

Waeleze sababu ya tahadhari hii. Mfereji wa sikio la mtu mzima una sentimita 2.5 hivi. Theluthi ya nje ni gegedu. Sehemu iliyobaki ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba mno, na ukiigusa maumivu ni makali na damu hutoka upesi. Wengine hukohoa sikio likiguswa, kwa sababu tawi la neva ya vagasi, inayohudumia pia koo, hufika hapo. Napenda waanze kwa wenzao kwa sababu aliyewahi kuguswa pale huwa mpole kwa mgonjwa.

Hatua ya 3: Masikio mazima kwanza, tena mengi
Kila mmoja achore anachokiona: ngoma ya rangi ya kijivu inayong'aa, mpini wa mfupa wa nyundo, na mwale wa mwanga. Mwale huo huelekea namba 5 ya uso wa saa katika sikio la kulia, na namba 7 katika la kushoto. Wataje namba, wasitaje saa, maana mmoja atasema saa tano na mwingine saa kumi na moja.

Hatua ya 4: Kwa mgonjwa
Aombe ruhusa, aanze na sikio lisilouma. Kabla ya kuingiza chochote atazame nyuma ya sikio: kuna uvimbe? Kuna kovu la upasuaji? Mtoto apakatwe na mama yake, mkono mmoja ukishika kichwa kifuani, mwingine ukizuia mikono.

Hatua ya 5: Aeleze kabla ya kutaja ugonjwa
Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na sioni haya kumrudisha mwanafunzi mara kadhaa. Akiniambia "otaitisi" (uvimbe au maambukizi ya sikio), namwuliza: mfereji ukoje? Ngoma ina rangi gani? Imevimba kuja nje au imevutwa ndani? Ina tundu, na liko wapi? Wekundu peke yake hautoshi, kwani mtoto akilia ngoma hubadilika rangi. Kuvimba kuja nje ni dalili yenye uzito zaidi.

Usimruhusu atoe otoskopu kabla hajaona sehemu ya juu kabisa ya ngoma. Huko ndiko kolesteatoma, yaani ngozi inayoota ndani ya sikio la kati na kula mifupa, hujificha, na magamba meupe pamoja na usaha unaonuka vikionekana hapo, mgonjwa apelekwe kwa bingwa. Usaha uliotoka kwenye tundu la ngoma kwa wiki 2 au zaidi ni ugonjwa sugu: sikio likaushwe, lisipigwe bomba la maji, wala lisitiwe matone ya jentamaisini, ambayo yanaweza kudhuru sikio la ndani.

Hatua ya 6: Uma wa sauti wa hezi 512
Huu ni uma wa chuma unaolia ukigongwa, wa kupimia usikivu. Mwanafunzi aseme matokeo anayoyatarajia kabla ya kuupiga. Ngoma ya kulia ikiwa na tundu, uma ukiwekwa katikati ya paji la uso sauti inatarajiwa kusikika zaidi kulia. Sikio likiziba ghafla, ngoma ikawa nzima na sauti ya uma ikasikika zaidi kwenye sikio lisilo na tatizo, tatizo liko sikio la ndani au kwenye neva. Huyo ni wa dharura, asipewe dawa ya mafua na kurudishwa nyumbani.

Hatua ya 7: Mtihani
Simama kando, utazame, kisha uliza swali moja: mgonjwa huyu anaweza kusubiri? Asisubiri mwenye uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, mwenye usaha na uso uliopooza, wala mtoto aliyejitia betri ya saa sikioni. Betri itolewe mara moja, na kabla haijatoka pasitiwe maji wala matone, kwa sababu unyevu huzidisha betri kuunguza sikio.