Mashine ya boti: kazi za fundi wa ufukweni na kazi za wakala

Vitabu vya mashine vingi vinataka sevisi ya kwanza baada ya saa 10 hadi 20, kisha kila saa 100 au kila miezi 6, kinachotangulia. Hiyo miezi 6 ni ya wanaotoka na boti Jumapili. Mvuvi wa Sahare au Kigombe, huku Tanga, anayeendesha saa 5 kwa siku humaliza saa 100 kwa safari 20, yaani giza moja tu, zile siku za mwezi zisizo na mbalamwezi. Kusafirisha mashine hadi kwa wakala wa kampuni ya mashine Dar es Salaam, kilomita zipatazo 350, kila mwezi hakuwezekani. Kumwachia fundi wa ufukweni kila kitu nako ndiko kunakoua gia boksi. Kinachoamua ni kazi yenyewe: inamalizwa na spana, au inataka vifaa visivyokaa kwenye begi?

Hatua ya 1: Ikague mwenyewe kabla ya kumpigia mtu

Washa mashine ikiwa majini, tazama maji yanayotemwa nyuma. Yakiwa uzi mwembamba au yanakatika, pitisha waya laini kwenye tundu. Mara nyingi ni mchanga au chumvi tu. Yasipobadilika, shuku impela, kigurudumu chenye mapezi kinachosukuma maji ya kupoza mashine.

Zima, fungua plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye majimaji, oili imezidi au kabureta inamwaga. Nyeupe kama chokaa, mashine inachemka au petroli haifiki vizuri.

Mwisho gia boksi. Iache mashine imesimama wima usiku kucha ili maji yakae chini. Asubuhi legeza kidogo skrubu ya chini, pokea matone machache kidoleni. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji, na hapo umeshajua kuwa kazi si ya ufukweni.

Hatua ya 2: Mpe fundi hizi

Plagi, chujio la petroli, kusafisha kabureta, kubadili oili ya gia, grisi, zinki (vipande vinavyoliwa na kutu badala ya mashine) na impela. Mwite siku za mbalamwezi, wakati boti za dagaa zimepumzika, na panga saa kwa kufuata maji. Siku za bamvua bahari ya Tanga hukimbia zaidi ya mita 3, boti ikakaa kavu: vizuri kwa kufungua mguu (sehemu ya chini yenye gia na propela), vibaya kwa kuwasha. Weka pipa la maji baridi, yasiyo ya chumvi, tayari. Impela ni mpira. Ikizunguka kavu hata kwa sekunde chache huungua.

Kazi ya impela simama uitazame. Mguu ukishashuka, pampu hufunguliwa na impela huvutwa juu ya shafti. Kati yake na shafti mna kipande kidogo cha chuma kinachoishika isiteleze. Kikidondoka mchangani, siku imeisha, kwa hiyo tandika turubai kabla spana ya kwanza haijaguswa. Kisha hesabu mapezi ya impela ya zamani. Likikosekana moja, lazima litafutwe kwenye njia za maji. Fundi mwenye haraka huweka impela mpya na kufunga. Wiki ya pili mashine inachemka tena na lawama zinakwenda kwa spea.

Oili ya gia ina makosa yake. Watu humimina kwa juu, hewa ikabaki ndani. Inasukumwa kwa tundu la chini mpaka itoke juu bila mapovu. Skrubu ya juu inafungwa kwanza, ndipo ya chini, kila moja na washa (pete yake) mpya. Nyuzi za bolti zipakwe grisi ya baharini, la sivyo chumvi itazigandisha na mwakani zitakatika.

Hatua ya 3: Hizi peleka kwa wakala

Mashine iliyo ndani ya waranti: soma karatasi, maana sevisi isiyogongwa muhuri inaweza kukunyima dai. Maji kwenye gia boksi: sili za shafti, zile pete za kuzuia maji, zinataka vifaa vyake vya kusukumia, na shafti ichunguzwe kama imelika. Mara nyingi chanzo ni mshipi wa kuvulia uliojisokota nyuma ya propela ukakata sili; ukitoa propela kila wiki mbili na kuuondoa, utaokoa safari hiyo. Kompresheni (nguvu ya mgandamizo) ya silinda moja na nyingine ikipishana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, bolti ikikatikia ndani ya bloku, au umeme wa mashine za kisasa ukisumbua, usimruhusu mtu ajaribu bahati.

Unapoisafirisha, kausha petroli ya kabureta na usilaze mguu juu kuliko kichwa, kwani maji yaliyobaki hutiririka kwenye silinda. Ya mipigo minne ilazwe ubavu uliooneshwa kwenye kitabu tu.

Hatua ya 4: Ikizama, usisubiri

Hapa aliye karibu ndiye sahihi, awe nani. Kutu huanza mashine inapokutana na hewa. Ioshe kwa maji baridi mara moja; fundi akichelewa, izamishe kwenye pipa la maji baridi. Plagi zitolewe, matundu yaelekee chini, kamba ivutwe polepole maji yatoke, kisha oili itiwe kwenye silinda. Kama ilizama ikiwa inanguruma na sasa kamba imegoma, acha. Konrodi, mkono unaoshika pistoni, inaweza kuwa imepinda, na hiyo ni ya wakala.

Hatua ya 5: Patana kabla ya kufungua

Piga picha kibao cha modeli na namba ya mashine, nenda nayo dukani Ngamiani, ulinganishe spea na ile ya zamani. Impela njema hupinda na kurudi. Ngumu kama soli iache hapohapo. Mwambie fundi mapema kuwa spea za zamani zinabaki kwako.

Oili ya kuchanganya usimwachie akisie. Kwa mashine ya mipigo miwili ya 50 kwa 1, dumu la lita 20 linataka mililita 400. Ikiwa mpya na kitabu kinasema 25 kwa 1, mililita 800. Iwe yenye alama TC-W3. Ya bodaboda imetengenezwa kwa injini inayofanya kazi kwa joto kubwa zaidi na huacha majivu kwenye plagi.

Hatua ya 6: Jaribu baharini kabla ya kumaliza malipo

Bakiza sehemu ya fedha. Toka Deep Sea hadi usawa wa kisiwa cha Toten na kurudi, fundi akiwa ndani ya boti, na angalau dakika 10 za mwendo wa kasi. Tazama maji yanayotemwa, sikiliza gia ikiingia mbele na nyuma. Kesho yake asubuhi, legeza tena skrubu ya chini, tazama rangi ya oili, ndipo umpe salio lake.